Haidrojeni ya Nani? Leza, Singa na Jasi ya Tanga

Ukitaka kuijua hewa ya Tanga, kausha singa za mkonge kisha uzipime. Mimi nilifanya hivyo mbele ya darasa. Nilikuwa na gramu mbili hivi za singa nyeupe, safi, zilizolala usiku kucha kwenye tanuri la nyuzi 105. Nikazitoa, nikaziweka kwenye ile mizani inayosoma hadi elfu ya gramu, tukasubiri namba itulie. Haikutulia. 2.006. 2.009. 2.013. Nikafunga dirisha linalotazama baharini, nikazima feni, nikaangalia kama mizani imekaa sawa juu ya meza. Namba ikaendelea kupanda taratibu kama maji ya bamvua. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, inaongezeka yenyewe au unaibonyeza?"

Singa zilikuwa zinakunywa hewa. Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, au ghala la mkonge. Katika hewa ya pwani, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa robota inaweza kuwa maji matupu, na mnunuzi makini huuliza unyevu kabla hajauliza bei. Nimeanza na mizani kwa sababu hoja yangu yote ya leo iko pale, kwenye ile namba isiyotulia.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja, na vijana wanaosoma sayansi na hata na mtu mmoja wa biashara ya mkonge, kuhusu vifaa vya leza vinavyopima isotopu za haidrojeni, yaani atomu za haidrojeni zinazopishana uzito, ndani ya vitu vigumu. Habari yenyewe inavutia: hakuna kemikali, hakuna kusaga, unalenga kitu, unakipiga kwa mwanga, kompyuta inakupa jibu kwa sekunde. Swali lao huwa moja: je, kifaa kama hicho hakiwezi kututhibitishia kwamba singa hii ni ya Tanga na ile ni ya Brazil? Jibu langu ni kwamba kwa hali ilivyo, hakiwezi, na sababu haiko kwenye leza. Iko kwenye haidrojeni. Kabla ya kuuliza haidrojeni hii ina uzito gani, lazima ujue haidrojeni hii ni ya nani.

Haidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote: protoni moja, elektroni moja, basi. Lakini ina ndugu wawili. Diuteriamu amebeba nyutroni moja ya ziada, kwa hiyo ana uzito maradufu. Tritiamu amebeba mbili, naye hadumu, nusu yake huoza kila miaka 12.3. Katika vipengele vingine ndugu wa namna hii hupishana uzito kwa kiasi kidogo tu, lakini hapa mmoja ni mara mbili ya mwenzake, na tofauti hiyo huonekana hata katika mambo ya kawaida. Maji yanapogeuka mvuke, yenye diuteriamu husitasita. Mvuke unapogeuka mvua, yenye diuteriamu hutangulia kushuka. Maji ya bahari yana atomu 156 hivi za diuteriamu katika kila atomu milioni moja za haidrojeni. Mvua ina pungufu kidogo, na kwa kawaida mvua ya mlimani ina pungufu zaidi kuliko ya pwani. Mmea ukinywa maji hayo hubaki na kumbukumbu yake mwilini.

Mkonge nao una kioja chake. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, lakini mkonge, kama nanasi, hufungua usiku, ukala hewa gizani, mchana ukajifungia. Selulosi, yaani kile kinachojenga nyuzi za mmea, ya mimea yenye tabia hiyo huwa na diuteriamu nyingi kuliko ya mimea ya kawaida hata ikinyweshwa maji yale yale. Kwa hiyo huyo mfanyabiashara hakuwa anaota. Ndani ya singa kweli mna habari. Kazi ni kuisoma.

Inafaa kukumbuka kwamba diuteriamu yenyewe iligunduliwa kwa kutazama mwanga. Mwaka 1931, Harold Urey na wenzake wa Marekani walitafuta mistari hafifu pembeni ya mistari inayojulikana ya mwanga wa haidrojeni, ile inayoonekana mwanga huo ukitawanywa rangi kwa rangi, mahali pale pale hesabu ilipoonyesha kwamba ndugu mzito angepaswa kuonekana. Katika haidrojeni ya kawaida mistari hiyo ilikuwa hafifu mno kuaminika. Mwenzao, Ferdinand Brickwedde, akachukua lita kadhaa za haidrojeni iliyogandamizwa kwa baridi hadi ikawa kimiminika, akaiacha ichemke na kuondoka mpaka ikabaki kidogo sana, kama mtu anayechemsha tui hadi maji yaende zao yabaki mafuta. Kwenye mabaki hayo mistari ikaonekana bila ubishi. Urey akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Leza ilikuwa bado kuzaliwa. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Katika kisa hiki mimi humsifu zaidi Brickwedde, aliyeandaa sampuli, na nitamrudia.

Sasa tuje kwenye leza yenyewe. Namna ya kwanza nitaiita kupiga. Leza hutoa pigo la mwanga la nanosekunde chache, likakusanywa na lenzi hadi kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha sindano. Pale linapotua, kitu kigumu hakipati hata nafasi ya kuyeyuka. Chembe zake huruka juu na kuwa plazima, kijimoto cheupe chenye joto la nyuzi elfu kumi na zaidi. Sikioni ni mlio mkavu, kama kucha ikigonga bati. Kijimoto hicho kinapopoa, kila atomu hutoa rangi yake. Haidrojeni hutoa nyekundu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Diuteriamu hutoa nyekundu hiyo hiyo kwenye 656.10. Tritiamu iko kwenye 656.04.

Tazama namba hizo. Kati ya haidrojeni na diuteriamu kuna nafasi ya 0.18 tu, na kati ya diuteriamu na tritiamu ni 0.06. Nafasi hizo zingetosha kama mistari ingebaki myembamba, lakini plazima katika hewa ya kawaida imebanana, elektroni zinasukumana na atomu, na mstari wa haidrojeni ni mwepesi wa kuvimba kuliko ya wengine. Unaweza kuvimba hadi kupita nanomita nzima, ukamfunika nduguye kabisa. Ni sawa na kutafuta filimbi ya mtoto katikati ya kigodoro. Wataalamu wana mbinu mbili kubwa za kukwepa. Ya kwanza ni kupiga kitu ndani ya chumba chenye gesi kidogo, mara nyingi heliamu, ili plazima itanuke na mistari ijikunje. Ya pili ni kuacha atomu zipoe, ziungane na oksijeni, kisha kusoma mwanga wa vijimolekuli hivyo kwenye urujuanimno, karibu na nanomita 308, ambako haidrojeni na diuteriamu zinaachana zaidi ya mara tatu ya zinavyoachana kwenye nyekundu.

Na inafanya kazi, tena vizuri sana, pale swali linapokuwa kubwa. Katika mitambo ya kuunganisha atomu ili kupata nishati, mafuta ni diuteriamu na tritiamu, na kuta za mtambo hunywa sehemu ya mafuta hayo kama singa zangu zilivyokunywa mvuke. Tritiamu ni ya mionzi, ni ghali, na kiasi kinachonasa ukutani kina kikomo kisheria na kiusalama. Kwa mtambo wa ITER unaojengwa Ufaransa kikomo kilichopangwa ni gramu 700. Huwezi kubomoa ukuta kila mwezi ukapeleke vipande maabara. Mtambo wa JET kule Uingereza ulipomaliza kazi Desemba 2023, mwaka uliofuata mkono wa roboti uliingizwa ndani ukiwa na leza, ukawa unagonga vigae vya ukuta kimoja kimoja na kusoma kilichonasa. Mabomba ya zirikoni yanayofunika mafuta ya nyuklia katika vinu vya umeme nayo yana shida yake na haidrojeni: ikizidi ndani ya chuma, chuma kinakuwa kama kigae, kinapasuka badala ya kupinda. Leza huko inaonyesha imeingia kiasi gani na kwa kina gani.

Lakini angalia tofauti ya maswali. Ukuta wa JET unaweza kuwa na diuteriamu nyingi kuliko haidrojeni ya kawaida. Singa ya Muheza ina diuteriamu moja kwa kila haidrojeni 6,400 hivi, na tofauti tunayoitaka, ya shamba na shamba au nchi na nchi, ni sehemu kumi, ishirini au makumi kadhaa katika elfu ya hiyo moja. Kifaa kinachokuambia ukuta una diuteriamu asilimia 40 au 60 ni kifaa kizuri. Kukitaka kikutofautishie Pangani na Korogwe ni kutaka mizani ya mnadani ipime dhahabu.

Halafu kuna ngozi. Kila kitu kigumu kina ngozi ya maji isiyoonekana, na pigo la kwanza la leza hutua hapo. Agosti 2012, roboti Curiosity ilipopiga jiwe lake la kwanza kwenye Mirihi kwa leza, pigo la kwanza lilionyesha haidrojeni. Mapigo yaliyofuata hayakuionyesha. Haikuwa ya jiwe, ilikuwa ya vumbi lililolala juu yake. Hiyo ni Mirihi, kukavu kuliko jangwa lolote tunalolijua. Fikiria Raskazone mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeshika, chumvi mezani imekuwa donge na kiberiti hakiwaki. Pigo la kwanza hapo litakupa isotopu za Bahari ya Hindi, za uhakika kabisa, kwa sekunde mbili.

Mtu atasema: basi piga mara kumi, tupa mapigo tisa ya mwanzo. Kwa chuma, sawa. Kwa jiwe gumu, pengine. Kwa singa haisaidii, na hapa ndipo penye jambo ambalo wanaouza vifaa hawapendi kulisimulia.

Selulosi ina haidrojeni kumi katika kila kiungo cha mnyororo wake. Saba zimeshikwa na kaboni. Hizo hazitoki, ndizo zenye kumbukumbu ya mvua na ya shamba. Tatu zimeshikwa na oksijeni, na hizo ni kama wapangaji wa mwezi kwa mwezi. Mvuke wa maji ukipita, wanabadilishana: haidrojeni ya singa inatoka, ya hewa inaingia. Singa inabaki nyeupe vile vile na ndefu vile vile, na hata uzito ukiipima haukuonyeshi kitu. Hapa sizungumzii maji yaliyolowa juu, yale tanuri linayatoa. Nazungumzia haidrojeni ambayo ni mwili wa singa wenyewe. Kwa hiyo ukifunga singa za Tanga kwenye bahasha ukazituma Ulaya mwezi Januari, zikakaa wiki mbili kwenye rafu ya maabara, zitakapopimwa sehemu ya haidrojeni yake itakuwa ya hewa ya huko. Barua imefika, lakini baadhi ya maneno yameandikwa upya njiani.

Wakemia wana dawa ya tatizo hili: wanang'oa wale wapangaji watatu na kuweka naitrati mahali pao, zibaki saba tu. Dawa nzuri, ila selulosi iliyowekwa naitrati nyingi ni baruti isiyo na moshi. Jaribu kuipeleka uwanja wa ndege. Njia nyingine ni kuacha sampuli ibadilishane makusudi na mvuke wa maji unaojulikana, kisha kufanya hesabu ya kuondoa sehemu hiyo. Ni njia ya subira, na inataka uwe na singa za kulinganishia ambazo zimepitia hewa ile ile na siku zile zile.

Ndiyo maana nasema hoja ya "tununue leza ya kupiga" imeanzia mwisho. Lakini sisemi tuachane na leza. Ipo namna ya pili, nayo nitaiita kuchemsha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kwetu.

Turudi Mirihi kidogo. Curiosity ile ile ilitoboa jiwe la udongo lililokuwa tope la ziwa zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, ikaweka unga wake kwenye kijitanuri, ikapandisha joto hatua kwa hatua. Maji yaliyotoka kwenye joto la chini yalikuwa ya juu juu. Yale yaliyoshikwa na madini yenyewe yalisubiri hadi joto kali. Mvuke huo ukapitishwa kwenye chumba chenye leza, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 yakaonyesha kwamba maji hayo ya kale yalikuwa na diuteriamu mara tatu ya bahari zetu. Leza haikugusa jiwe hata kidogo, ilipita katikati ya mvuke. Aliyetenga maji ya mgeni na ya mwenyeji ni tanuri, yaani kazi ya Brickwedde tena.

Vifaa vya maabara vya namna hii vinategemea vioo viwili au vitatu vinavyorudisha zaidi ya asilimia 99.99 ya mwanga. Leza inaingia kwenye kijichumba kifupi kuliko rula ya darasani, inazimwa, na mwanga unabaki ukigonga vioo huku na huku hadi ufifie. Kabla haujafifia unakuwa umesafiri zaidi ya kilomita kumi, mwendo wa kutoka Ngamiani hadi Pongwe hivi, ndani ya kitu unachoweza kukibeba kwapani. Mvuke wa maji ukiwemo, mwanga unafifia haraka zaidi kwenye rangi fulani za infraredi: rangi hii kwa maji ya kawaida, rangi ile kwa maji yenye diuteriamu. Unapima muda wa kufifia. Hapa sasa tunafikia usahihi wa sehemu moja au pungufu katika elfu, kiwango kinachoendana na swali letu.

Mtu makini ataniuliza kama kuchemsha kunafaa singa. Kusema kweli, hakuifai sana. Ukichoma mmea unapata maji yaliyochanganyika na mvuke wa alkoholi na takataka nyingine za kaboni, na baadhi yake hunyonya mwanga kwenye rangi zile zile, leza ikasoma uongo kwa kujiamini. Kwa singa, mashine kubwa za kupima uzito wa atomu bado zina kazi. Ila Tanga haina mkonge peke yake.

Tuna jasi. Wengi wanaijua kwenye dari. Malori yanaileta kutoka Makanya, upande wa Same, lakini wanaotengeneza chumvi kwenye mabwawa ya Mkinga wanaijua kwa namna nyingine: maji ya bahari yakikauka juani, kabla chumvi haijaganda, jasi hutangulia kushika sakafu ya bwawa. Mzee mmoja wa huko alinionyesha kwa kuikwangua na koleo, ikatoka vipande vyenye kung'aa kama vigae vya chupa. "Hii, mwanangu, ukiiacha inaharibu chumvi," akasema, akaitupa ukingoni. Nikamwomba kipande. Alicheka, akanijazia mfuko wa rambo.

Katika kila gramu 100 za jasi safi, karibu gramu 21 ni maji, na si maji ya ngozi. Yamejengwa ndani ya fuwele tangu ilipozaliwa, molekuli mbili kwa kila kiungo, na yamechukua isotopu za maji yaliyoizaa kwa pengo linalojulikana: diuteriamu inapungua kama sehemu 20 katika elfu. Ukiipasha moto hadi nyuzi 400 katika ombwe, yanatoka yote, maji matupu yasiyo na alkoholi wala mafuta. Unayagandisha kwenye mrija wa baridi, unayapitisha kwenye leza. Ni kazi ya saa chache, na sehemu kubwa yake ni bomba, vali, pampu na tanuri, vitu ambavyo fundi wa friji wa mjini anavielewa akionyeshwa mara mbili.

Nayo ina maswali ya hapa hapa. Jasi inayotoka kama unga mweupe kwenye kuta za nyumba za zamani karibu na bandari, imejengwa na maji ya bahari, na maji yanayopanda kutoka ardhini, au na bomba linalovuja chini ya baraza? Maji hayo hayafanani kiisotopu, na mwenye nyumba anayepaka rangi kila mwaka angependa kujua. Bwawa la chumvi linalotoa chumvi chafu, je, linaingiwa na maji ya kisima kwa chini? Fuwele za sakafuni zimeandika siku zao tabaka kwa tabaka. Sijaona mtu akizisoma, zinatupwa ukingoni kwa koleo.

Kwa hiyo fedha ikipatikana, na najua hilo "ikipatikana" ni zito, ningeanza na tanuri na bomba la ombwe, kisha chupa za kioo za kuyeyushwa mdomo ili sampuli isionje hewa nyingine, kisha kichanganuzi cha mvuke cha leza, ambacho bado kingepima maji ya visima na mito siku ambazo hakuna jasi. Singa ningezikausha, nikazifungia hapa hapa Tanga pamoja na singa za kulinganishia, ndipo zisafiri. Leza ya kupiga ningeiacha kwa wenye kuta za tritiamu.

Kile kipande cha Mzee nilikipeleka darasani wiki iliyofuata. Sikukipitisha kwenye tanuri. Nyuzi 105 zingeanza kuyafukuza maji yake. Nilikifuta kwa kitambaa tu, nikakiweka kwenye mizani ile ile, dirisha wazi, feni inazunguka, upepo wa bahari unaingia na harufu yake. 2.417. Yule kijana wa nyuma akasogea mbele, akainamisha kichwa usawa wa sahani, akakaa hapo anaitazama hadi kengele ya mapumziko ilipolia. 2.417.